Waliozima Njano

Wewe uliisikia. Usinikatalie, wala usinitolee macho. Mchana ule ulikuwa unapanda ngazi na mfuko wako wa nyanya, ukasikia kitu kinagonga ndani ya ukuta wa lifti: ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo. Ulisimama kwenye ghorofa ya tatu, si kwa kusikiliza, bali kwa kutafuta pumzi. Ukajiambia ni mafundi. Siku zote kwako ni mafundi. Ukaendelea kupanda huku ukimlaani mwenye nyumba, ukafunga mlango wako, ukawasha redio.

Hukuwa peke yako, na hapo ndipo hasira inapozidi. Jirani yako alisikia, akaongeza sauti ya televisheni. Mama wa ghorofa ya nne alimfokea mwanawe aache kupiga mpira ukutani. Mtoto akasema, "Si mimi, mama," akalambwa kofi kwa kusema uongo. Jengo zima lilisikia. Jengo zima lilikuwa na shughuli zake.

Aliyekuwa anagonga ni shangazi yake Kompyuta.

Kompyuta si jina alilopewa na wazazi. Ni jina mlilompa ninyi wapangaji wenzake kwa sababu anaandika programu, na kila simu yenu ikigoma mnamgongea mlango, kama vile kuandika programu na kutengeneza chaja ni kazi moja. Anakaa ghorofa ya sita na mkewe, ambaye ni msusi, pamoja na shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi ana goti bovu na ulimi mzima. Huenda kliniki kunyoosha hilo goti, na hurudi akiwasema wale vijana wanaomnyoosha kwamba wana mikono ya kukandia saruji.

Siku hiyo alirudi peke yake. Getini alipokea saluti ya mlinzi, ambaye naye mmemwita Saluti kwa kuwa humpigia kila mtu, hata muuza maziwa. Akaingia kwenye lifti. Kati ya ghorofa ya nne na ya tano lifti ikashtuka, ikasimama. Simu yake haikuwa na mtandao. Ukutani palikuwa na kitufe chekundu na maandishi: BONYEZA, MSAADA UTAKUJA. Akabonyeza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Akasubiri. Akabonyeza kwa ngumi. Mwisho akavua kiatu akaanza kugonga mlango, ndipo wewe ukapita na nyanya zako.

Jua lilikuwa limeshalala upande wa pili wa jengo msusi aliporudi kutoka saluni, akakuta nyumba imefungwa, akashuka tena getini.

"Saluti, mama hajarudi?"

"Karudi mchana, shemeji. Nimempigia saluti mwenyewe, akaniambia kofia yangu imepinda."

Wakatazamana. Pampu ya maji iliyo ubavuni mwa geti ilikuwa imeshazimwa, na hapo ndipo, kwa mbali, juu ya vichwa vyao, wote wawili wakasikia: ngo.

Fundi alipofungua mlango kwa chuma, mlikuwa mmeshajaa kwenye korido, simu mkononi. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kona, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Sakafu ilikuwa imelowa, na hayakuwa maji ya bomba. Mtu mmoja alicheka kwa pua. Msusi alipenya katikati yenu, akatoa mkobani kile kitambaa cheusi anachowafunga wateja shingoni, akamzungushia mama kiunoni, akakikaza fundo.

Shangazi hakulia. Alinyoosha kiatu kumwelekea Saluti.

"Wewe! Nimebonyeza kengele mpaka kidole kimekufa ganzi. Ulikuwa umelala?"

"Mama, kengele hunipigia simu hii ya kazi, na simu haikulia. Haki ya Mungu, haikulia hata mara moja."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Basi mwongo nani? Kitufe?"

Mkacheka. Mwenyekiti wa wapangaji, mtu anayependa mambo yaishe kabla chai haijapoa, akatangaza palepale kwamba mlinzi amesimamishwa, akabidhi simu ya kazi, na Jumapili kutakuwa na mkutano wa kuamua. Kila mtu alijua maana ya "kuamua". Saluti na mkewe wanalala katika chumba kilicho chini ya ngazi. Kazi ikienda, chumba kinaenda nayo.

Kompyuta alifika wakati huo, begi la kazini begani. Alimwona shangazi yake akipandishwa ngazi, kitambaa cha saluni kiunoni. Akageuka kutazama ndani ya lifti. Juu ya kile kitufe palikuwa na kisanduku kidogo cheupe, na juu ya kisanduku palikuwa na stika ya kampuni anayoifanyia kazi.



*

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Aliwasha mashine, akafungua faili la programu ya kengele.

Ili uelewe alichokiona, sharti ujue wanavyofanya kazi. Ndani ya ile programu wanayoandikia, wanayoiita kihariri, hukaa programu nyingine ndogo inayoitwa linta, na kazi yake ni kusoma juu ya bega lako. Unaandika, nayo inasoma. Ukikosea, inachora mstari mwekundu chini ya maneno yako. Ukifanya jambo ambalo si kosa lakini linanuka, inachora mstari wa njano. Haisubiri umalize. Kidole hakijainuka, imeshakuchora. Kazini kwao wameibatiza Mama Mkwe, kwa sababu haijawahi kuingia jikoni kwa mtu ikakosa la kusema.

Faili la kengele lilikuwa safi. Hakuna wekundu, hakuna unjano. Kurasa zilikuwa zinang'aa kama sahani iliyofutwa.

Akaanza kusoma kwa macho yake mwenyewe, kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Akafika mahali pa kutuma ujumbe. Programu za namna hii huwekewa mtego: jambo likikwama, mtego unalikamata, na ndani ya mtego unaandika la kufanya. Jaribu tena. Piga namba ya pili. Washa king'ora. Hapa mtego ulikuwepo, umetegwa vizuri kabisa, na ndani yake hapakuwa na kitu. Mtandao ulikuwa umekatika mchana ule, mwito wa shangazi ukakwama, mtego ukaukamata, ukaufumba mdomo, na programu ikaendelea na mambo yake kana kwamba hakuna mtu aliyeita. Kila alipobonyeza. Kila alipobonyeza.

Sasa, hilo ni jambo ambalo Mama Mkwe hawezi kulinyamazia. Kukamata tatizo kisha usilifanyie lolote ni katika mambo ya kwanza anayoyachorea njano. Kwa nini alinyamaza?

Kompyuta alijiuliza swali hilo kama mtu asiyejua, na huku jibu alikuwa ameshalijua.

Kulikuwa na siku ya wageni. Wenye majengo walikuwa wanakuja kuangalia kazi kabla ya kusaini, na bosi alipita nyuma ya viti kukagua nani kavaa nini. Akasimama nyuma ya Kompyuta.

"Haya manjano ni nini?"

"Ni maonyo, bosi. Si makosa."

"Kioo kina ukurutu. Wageni watadhani tunaumwa."

"Nikipata siku mbili tatu nitayapitia moja moja."

"Wanapanda ngazi sasa hivi." Bosi akainama, akamnong'oneza sikioni, harufu ya manukato yake ikaingia kabla ya maneno. "Wewe mwenyewe umesema si makosa. Basi yaondoe."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutengeneza kila kilichochorewa. Ya pili ni kumwambia Mama Mkwe afunge mdomo. Na kule kwao mipangilio ya linta haikai katika mashine ya mtu mmoja. Inakaa katika faili moja la pamoja. Anayechota kazi ya wenzake asubuhi anachota na mipangilio, na kihariri chake kinatii bila kuuliza. Kompyuta alifungua faili hilo, akatafuta kanuni ya mitego mitupu, akaandika mbele yake neno moja la kuizima. Ukurutu ukapona. Bosi akampiga begani. Wageni wakaingia, wakanywa soda, wakasifu usafi, wakasaini.

Alijiambia ataiwasha wakishaondoka. Waliondoka. Kulikuwa na keki iliyobaki.

Sasa, kwenye ofisi tupu, alilifuta lile neno. Kihariri kikatulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha njano ikaanza kumwagika. Faili la kengele. Faili la milango. Faili la king'ora cha moto. Kila mahali ambapo mtu alikuwa ametega mtego na kuuacha mtupu tangu siku ile ya keki, mstari ulijichora, mmoja chini ya mwingine, mpaka mwanga wake ukamgonga usoni.

"Kaka, shikamoo. Mbona kwako kumechafuka hivyo?"

Alikuwa binti mpya, mwanafunzi wao wa kazi, chupa ya maji mkononi. Ndiye aliyeandika programu ya kengele. Kila mtu alikumbuka jinsi alivyoifurahia.

"Marahaba. Kwako hakuna kitu?"

"Kwangu safi! Toka nianze." Akainama kutazama. "Hiyo si kengele yangu? Ee, kaka! Huo mtego niliuacha wazi nikisubiri mnieleze cha kuweka. Nikasahau. Lakini nilijua nikisahau Mama Mkwe atanisema. Huyo ananisema hata nikiacha nafasi mbili badala ya moja! Nikaona kanyamaza, nikasema basi, niko salama." Akamtazama. "Kaka, kuna mtu kaumia?"

"Hapana," akasema Kompyuta. "Kalete chai."

Binti akaenda kuleta chai. Hakukuwa na mtu aliyehitaji chai.

*

"Funga mlango," alisema bosi.

Kompyuta alieleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae. Bosi alisikiliza akisugua kioo cha saa yake kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo mlinzi hakupokea simu."

"Simu haikupigwa, bosi. Ndicho ninachosema. Kengele yetu ndiyo—"

"Kumeshatolewa taarifa na mwenyekiti wenu. Mlinzi hakupokea. Mimi sijaongeza neno, sijapunguza. Shangazi yako mzima?"

"Mzima."

"Tumshukuru Mungu. Sasa wewe rekebisha. Leo hii, kengele zote, majengo yote. Sijasema usirekebishe, nisije nikaonekana mtu mbaya. Rekebisha kimyakimya."

"Na yule mlinzi?"

"Kijana, mimi nina mikataba ya lifti, sina mikataba ya walinzi." Akamtazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Jumapili nenda kwenye huo mkutano ukiwa mpangaji. Usiende ukiwa mfanyakazi wangu. Ukienda ukiwa mfanyakazi wangu, utarudi ukiwa si mfanyakazi wangu. Umenielewa au nikuchoree mstari wa njano?"

Akacheka kwa utani wake. Na Kompyuta, hili lazima ulijue, naye akacheka.

Akarekebisha. Binti mpya akaketi naye ubavuni, wakajaza mitego yote: mtandao ukikatika, king'ora kinalia palepale kwenye jengo, ujumbe unatumwa tena na tena, kisha namba ya pili inapigwa. Ilikuwa kazi nzuri. Kabla ya jua kuzama kengele zote zilikuwa zimepokea programu mpya, na Kompyuta akashuka barabarani akihisi kifua kimepungua uzito kidogo.

Nafuu hiyo ilimfikisha getini tu.

Mwenyekiti alikuwa amesimama ukumbini, yeye na wapangaji kadhaa wameizunguka lifti. Mkononi ameshika ile simu ya mlinzi. "Sikilizeni wenyewe," alikuwa anasema. "Mimi simwonei mtu." Akaingiza mkono ndani ya lifti, akabonyeza kitufe chekundu. Simu mkononi mwake ikalia kwa nguvu hata mtoto mmoja akaziba masikio.

"Mnasikia? Iko nzima. Anasema haikulia! Kengele nzima, simu nzima. Kibovu ni nini hapo?"

Saluti alikuwa amesimama nyuma yao bila kofia. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtu aliyekutwa na kitu cha jirani. Kisha akamwona Kompyuta, na uso ukamfunguka.

"Huyu hapa! Huyu anazijua. Ndugu yangu, njoo uiangalie hiyo simu. Waambie. Kuna kitu humo, siyo? Simu inaweza kulia leo na jana isilie, siyo?"

Mwenyekiti akampa simu. Kompyuta akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma kama daktari asiyejua ugonjwa.

"Simu haina tatizo," akasema.

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Saluti aliitikia kwa kichwa polepole, kisha, kwa mazoea, mkono ukapanda mpaka kwenye paji la uso, akampigia saluti. Nyuma yake mkewe alikuwa anatoa vyombo chumbani, anavipanga ukutani: beseni, jiko, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.

*

Shangazi hakutoka chumbani. Alilala akitazama ukuta, na chakula alikirudisha kama kilivyokwenda. Lifti hataki kuiona, na ngazi goti halitaki, kwa hiyo siku ya kliniki ikapita. Aliomba ndoo iwekwe karibu na kitanda usiku na mchana, yeye ambaye hata akiwa na homa alikuwa akijikokota mpaka chooni akisema bado hajafa.

"Walicheka," alimwambia mkwewe. "Nimewasikia. Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimeziba masikio." Kisha, kwa sauti ya juu ili ifike sebuleni: "Jumapili utanibeba mpaka chini, umenisikia wewe? Nataka nimwone yule anavyofunga virago!"

Sebuleni Kompyuta alikuwa anatafuna kama mtu anayemeza vidonge. Msusi alikuja akaketi mbele yake.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Mimi nashinda nimeshika vichwa vya watu. Kichwa chenye kitu nakijua kwa mkono. Sema."

Akamwambia. Alimwambia yote kwa sauti ya chini, mpaka keki. Msusi hakumkatiza. Alipomaliza, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Yaani mlikuwa na mbwa," akasema, "mkamfunga mdomo kwa sababu wageni wanakuja. Halafu mkasahau kumfungua."

"Nilisahau mimi. Si sisi."

"Halafu umekwenda ukamfungua kimyakimya, sasa anabweka vizuri, na kubweka kwake ndiko kunakomfunga Saluti."

Kompyuta alifunika uso.

"Nikisema, kazi inakwenda. Tutakula nini?"

"Tutakula vichwa vya watu, ninavyosuka." Hakutabasamu. "Lakini usije ukaniambia unanyamaza kwa ajili yangu. Mimi sikuzima kitu. Na mama huyo mle ndani, usije ukaniambia unanyamaza kwa ajili yake."

Kutoka chumbani shangazi akaita: "Mnanong'ona nini nyie? Kama ni mimi, semeni kwa sauti, sijafa!"

*

Jumapili alimbeba mgongoni. Ghorofa sita, ngazi kwa ngazi, mkono wa shangazi umemzunguka shingo na mkono mwingine umeshika kile kiatu, ambacho alikuwa amekataa kukivaa tangu siku ile. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Hilo nalo lilimuuma.

"Taratibu. Mimi nilikubeba hivi hivi ulipougua surua, na sikukutikisa."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona moyo wako unapiga kama wa mwizi?"

"Ni ngazi."

"Tunashuka, si tunapanda."

Chini, kwenye maegesho, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa. Wewe ulikaa safu ya tatu, pembeni, pale panapotoka mtu kwa urahisi. Saluti alisimama karibu na pampu ya maji, mkewe nyuma yake ameketi juu ya godoro lililofungwa.

Mwenyekiti alieleza kwa ufupi. Alisema hakuna mtu anayemchukia mlinzi. Akamtuma kijana mmoja akabonyeze kitufe ndani ya lifti, simu ikalia mbele ya wote. Akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kufunga mkutano.

Msusi alimtazama mumewe, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

Kompyuta alisimama. Alikohoa. "Mimi, kwa kuwa nina uelewa kidogo wa mambo haya, nilitaka kusema tu kwamba... siku ile inawezekana kulijitokeza hitilafu katika mfumo. Hitilafu ya mawasiliano. Na hitilafu hiyo imeshashughulikiwa. Kwa hiyo ni vizuri tukalizingatia hilo."

"Ahsante sana," alisema mwenyekiti. "Tumelizingatia. Hitilafu ni kitu cha kawaida. Lakini mlinzi alipaswa kuwa macho, hitilafu iwepo isiwepo. Tuendelee."

Na Kompyuta akaanza kukaa. Nakuambia ukweli wake: alianza kukaa, na mwili ulishukuru. Alikuwa amesema. Mtu yeyote angeshuhudia kwamba alisimama na akasema.

"Ngoja," alisema shangazi.

Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, shingo imekakamaa, akimtazama kijana aliyemlea.

"Huyo Hitilafu anakaa ghorofa gani, nikamsalimie?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Nakuuliza wewe. Hiyo sauti naijua. Ndiyo uliyonisemea ulipovunja redio yangu: 'Shangazi, redio imevunjika.' Nikakuuliza, imevunjika yenyewe? Sasa nakuuliza tena mbele ya watu. Nani?"

Kicheko kikafa safu kwa safu. Pampu ya maji ilikuwa inanguruma. Mfukoni mwa Kompyuta simu ilitetemeka, bila shaka ni bosi, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Anakaa ghorofa ya sita, shangazi," akasema. "Ni mimi."

Safari hii alisema kama mtu. Alisema kengele ni ya kampuni yake. Alisema simu ya Saluti haikulia kwa sababu haikupigwa, na haikupigwa kwa sababu programu ilikwama ikanyamaza. Alisema kuna kitu kinachowachorea njano wakiandika upuuzi, na yeye alikizima kwa mkono wake ili wageni wasione, akawazimia na wenzake wote, na hivyo mtoto wa watu akaandika kengele bubu akijiona yuko salama. Alisema simu inalia leo kwa sababu ameirekebisha juzi, baada ya shangazi yake kukaa juu ya mkojo wake mpaka jioni. Alilitaja hilo neno. Alisema juzi aliulizwa hapo hapo, mbele ya lifti, akajibu simu haina tatizo. Hakusema aliamriwa. Bosi angefaa sana hapo, angekaa vizuri kabisa mbele yake kama ngao, lakini hakumtaja.

Shangazi alimtazama mpaka yeye akainamisha macho.

"Wewe," akasema, "una zamu yako. Nyumbani. Usidhani umemaliza." Akageuka. "Saluti. Njoo hapa."

Saluti akaja. Shangazi akakitazama kiatu mkononi mwake, kile alichomnyooshea siku ile mbele ya kundi zima. Akainama kwa shida, akakivaa.

"Kofia yako iko wapi?"

"Nimeirudisha, mama."

"Kairudie."

Mwenyekiti alinyanyua mikono. Alisema jambo hili sasa limekuwa la kitaalamu, halifai kuamuliwa kwa jazba. Alisema mlinzi mpya ameshaahidiwa kazi. Alisema tuahirishe. Na sauti moja kutoka viti vya nyuma ikasema, "Lakini hata kama kengele haikulia, si alipaswa kusikia mtu anagonga?"

Saluti hakuwa amezoea kuongea mbele ya watu. Alitazama pampu kwanza.

"Hii iko ubavuni mwangu kutwa nzima," akasema. "Na mmenikataza nisitoke getini. Sikusikia, ndugu zangu. Nisameheni." Kisha akanyanyua macho, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Ninyi mliokuwa ndani, hamkusikia?"

Pampu ikanguruma.

"Haya," alisema shangazi, "tusiahirishe. Anayetaka huyu arudi kazini na mkewe arudi chumbani, anyooshe mkono." Na alikuwa ameshaunyoosha wake, ule wenye kidole kilichovimba kwa kubonyeza. Msusi akanyoosha. Kompyuta akanyoosha, simu ikitetemeka pajani mwake. Mama wa ghorofa ya nne alimtazama mwanawe, yule aliyemchapa kofi siku ile, akanyoosha polepole bila kumtazama mtu mwingine.

Basi. Wengine wameinamia simu zao. Mmoja anafunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka. Mwenyekiti anahesabu kwa macho, na anapenda anachokiona.

Na wewe? Usitazame geti. Nyanya zako zimeshaliwa, redio yako imezimwa, na safari hii huwezi kusema ni mafundi. Yule mama juu ya godoro anakutazama. Hajui kwamba ulipita pale siku ile, lakini wewe unajua. Kesho utapata maneno mazuri ya kueleza kwa nini ulikaa kimya, maneno yasiyo na mwenyewe, kama hitilafu. Leo hayatakiwi maneno. Mkono uko kwenye paja lako, ni mzima, hauna ganzi.

Unyooshe.